Padre Korbinian Wimmer, Aliyechimba Kaburi Kabla ya Kanisa

Tarehe 9 Agosti 1962, baada ya mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka mji wa Ambositra, Madagaska, Padre Korbinian Wimmer aliingia kijijini Ambohitrakanga, viatu mkononi, akiomba kilima cha kujenga monasteri ya Wabenedikto. Mzee Rafidimanana, mwenye kilima, hakumuuliza habari za Mungu.

"Kaburi lako liko wapi, mgeni?"

"Kwetu Bavaria, kwa wazee wangu."

"Basi wewe mpita njia. Kunywa maji, uende zako."

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1930, mtoto wa nne wa Alois Wimmer, tarishi aliyepeleka barua milimani kwa miguu. Mama yake alisema huyu hata tumboni hakutulia. Alisoma shule ya watawa, akaweka nadhiri tarehe 21 Machi 1953, akapata upadre mwaka 1957. Hakuoa. Nadhiri ya Wabenedikto ya kukaa mahali pamoja hadi kufa ndiyo iliyokuwa ndoa yake, na kama ndoa nyingi haikukosa ugomvi.

Yale maji aliyanywa, ila hakwenda. Kwa miezi mitatu alichimba kaburi lake pale kilimani na kulijengea mawe. Mzee alipoliona akampa kilima. Kanisa, shule na mfereji wa mpunga vilifuata.

Hata hivyo miguu ilimwasha. Mwaka 1971 alifunga sanduku, akafika mtoni. Bibi Razanany, aliyekuwa akipandikiza mpunga na wanawake wenzake, akamwona, akamwita kama wenyeji wamwitavyo padre, Mompera.

"Mompera, wahama? Na nyumba yako?"

"Nimewaachia watawa."

"Nasema ile ya mawe! Imeota magugu mpaka aibu. Palilia kwanza, ndipo utoroke."

Wanawake wakaangua kicheko tope magotini. Akarudi kupalilia, na sanduku halikuuona mto tena.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2009. Wakubwa wake wa Ulaya walimwita akatibiwe huko, akakataa. Siku za mwisho miguu haikutulia chini ya blanketi. Akamuuliza Bruda Randriamaro, aliyemuuguza:

"Nikishaingia mle, ndiyo basi? Sisogei tena?"

"Mwaka wa saba tutakutoa, Mompera, kama tuwatoavyo wafu wetu wote. Tutakuvika hariri mpya, tukubebe mabegani tukicheza, tulizunguke kaburi mara saba."

"Mara saba tu?"

"Ukitulia, nane."

Alifariki asubuhi ya tarehe 17 Juni 2011.

Ameacha dada yake Notburga, watawa kumi na tisa, na Bibi Razanany, ambaye jana hakuruhusu mtu mwingine apalilie kaburi. Yeye anakwenda, sisi tunabaki kilimani pake. Mungu amjalie utulivu uliomshinda duniani, walau hadi mwaka wa saba.