Mwezi Ambao Akilimali Hakushuka Mjini

Kijiwe chetu kiko Nyamugo, pale njia ya kupanda Kadutu inapojikunja, mbele ya cherehani yangu. Benchi ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, na anayekaa mwisho lazima akaze mguu kwa sababu ya mteremko. Maman Nafisa, ambaye wazazi wake walipanda huku na biashara yao kutoka Uvira, anafika saa moja asubuhi na termosi mbili za kahawa ya tangawizi. Wa pili ni Papa Grégoire. Alikuwa préfet, yaani mkuu wa shule ya sekondari, miaka ishirini, akapumzishwa, lakini jina la Préfet halikupumzika. Wa tatu ni Amisi, mbadilishaji wa pesa, tunayemwita Taux, maana ukimsalimia anakujibu kwanza bei ya dola ya leo. Mimi ni Latifu, fundi wa nguo. Nashona huku nasikiliza. Mwenzetu wa tano ni Akilimali, na asubuhi ile ya Jumamosi ninayotaka kuwaeleza, yeye ndiye hakuwapo.

Tulikuwa hatujamwona siku nne, na ilikuwa tarehe saba. Kwa miaka kumi na moja, kabla ya tarehe tano ya kila mwezi, Akilimali alipita mbele ya benchi na shati la pasi, akashuka mjini kupokea dola mia na hamsini ambazo mdogo wake Hugues alimtumia kutoka Ubelgiji. Akirudi alitununulia kahawa wote. Mwezi ule hakushuka, na mtaa mzima ulikuwa umeshaona.

Taux alikuwa na hakika kwamba ndugu wamegombana. Kule Ulaya, alisema, mtu akioa mambo yanabadilika.

— Bibi ya Hugues amefunga mufuko. Hii miaka yote alikuwa anahesabu, sasa amesema inatosha.

Préfet alikataa. Nyumba yake inapakana na ya Akilimali kwa nyuma, na ugomvi wa ndugu, alisema, hautoi moshi. Muda mrefu sasa alikuwa anaona pipa kubwa likichemka kwenye ua wa jirani, na Akilimali mwenyewe amevaa glavu mpaka kwenye kiwiko, kitambaa puani. Tusisahau kwamba yule mtu alifundisha kemia. Dhahabu ya Kamituga inafika mjini ikiwa na uchafu, na anayejua kuisafisha ni tajiri. Tajiri atashuka mjini kupanga mstari kwa dola mia na hamsini?

Taux alifikiri kidogo, akashusha sauti. Yeye alikuwa ameona gunia mlangoni kwa Akilimali, limepasuka kona, linamwaga kitu cheupe kama chumvi ya mawe. Hiyo si ya dhahabu. Hiyo ni dawa ya kuoshea makaratasi mpaka yawe dola.

— Na zile dola atazileta kwa nani? Kwangu. Miye njo nitafungwa.

Akatueleza kwamba wiki mbili nzima alikuwa anainua kila noti juani kabla ya kuipokea.

— Miye naona anapika sabuni, Maman Nafisa akasema.

Sabuni ilikuwa jambo dogo mno kwa asubuhi ile.

Wakati huo alifika msichana mmoja, Chancelle, mwanafunzi wa uuguzi, aliyeniletea blauzi yake ya stage, ya mazoezi ya hospitalini, ili nimshonee pindo. Mvua ilikuwa imeanza kidogo, nikamwambia asimame chini ya bati langu angoje. Na nyuma yake, kichwa kimefunikwa na gazeti, Akilimali akatokea.

Alikuwa amechoka usoni. Alisalimia kila mtu kwa zamu, akakaa mwisho wa benchi, akamwomba Maman Nafisa kahawa kwa wote. Taux alianza kuhesabu noti zake upya, kama mtoto aliyekutwa anasema habari za mwalimu. Préfet, ambaye hajui kuzunguka, akamuuliza waziwazi kama mdogo wake amekufa.

— Hapana, Papa Grégoire. Iko muzima. Nilimuambia asitume tena.

Taux alitua kikombe chini.

Akilimali alitueleza polepole, huku anatazama mikono yake. Sisi sote tulijua mwanzo. Shule ya binafsi alikofundisha ilifungwa yeye akiwa na miaka arobaini na moja, na Hugues, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amepata kazi Liège, akasema atamsaidia miezi miwili. Miezi miwili ikawa miaka. Ambacho hatukukijua ni jinsi ilivyokuwa ndani. Alisema hakuna kitu alichokiamua peke yake. Bati likitoboka, anapiga simu. Mtoto akiugua, anapiga simu. Mkewe akialikwa arusi na kuna kitambaa cha sare cha kununua, anapiga simu kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni, kumwomba kitambaa. Hugues hakuwahi kumjibu vibaya. Lakini kila mwisho wa mwezi, mpaka simu ilie kumwambia kwamba franga, yaani pesa, imefika, chakula hakikuwa na ladha.

Halafu, miaka mitatu iliyopita, binti yake Larissa alirudi kutoka shuleni na karatasi ya kujaza. Penye jina la baba aliandika Akilimali. Chini yake, penye jina la anayelipa masomo, aliandika Hugues, Liège. Alimletea baba yake asaini.

— Hakuniandikia vile kwa kunichokoza, Akilimali alisema. Aliandika ukweli, na mwandiko muzuri. Nikasaini. Ile usiku sikulala.

Wiki ile alikwenda Walungu kwa shangazi wa mkewe, ambaye amelea watoto saba kwa sabuni ya mawese, akamwomba amfundishe. Mwalimu wa kemia akakaa kwenye kigoda cha jikoni kujifunza kwa mwanamke ambaye hakumaliza shule ya msingi, jinsi ya kuchemsha mawese, kumimina soda, ile chumvi kali nyeupe ya kupikia sabuni, na kukoroga mpaka mkono ufe ganzi. Aliporudi alipika pipa la kwanza akitumia vipimo vya kitabu chake badala ya vile vya shangazi. Sabuni ile aliiuza yote kwa siku mbili. Siku ya tatu wanawake wakaanza kuirudisha. Soda ilikuwa imezidi. Mama mmoja alimwonyesha viganja vilivyochubuka, hakumtukana, aliviweka tu wazi mbele yake. Akilimali alirudisha pesa zote, na akaoga kwa sabuni ile mwenyewe, ajue alichowafanyia watu. Ngozi ya mikono yake ilitoka.

Akatuonyesha. Bado kuna alama.

Alirudi Walungu, akaanza upya na kikombe cha shangazi, kile kile cha bati kilichopinda. Safari hii sabuni ilikuja laini. Na hapo akaanza, bila kumwambia mtu, kuondoa vitu kimoja kimoja kwenye mgongo wa Hugues. Kwanza dawa za nyumbani. Halafu kodi ya nyumba. Mwaka jana, chakula. Kilichobaki ni masomo ya Larissa, na Septemba ya mwaka huu alikwenda shuleni mwenyewe akalipa muhula wote. Akatoka nje ya lango, akasimama, akaona hana wa kumpigia simu. Alisema alikaa kwenye ukuta pale barabarani karibu nusu saa, watu wanapita, kama mtu aliyetua mzigo na mwili haujajua kwamba mzigo umetoka.

Jumanne iliyopita ndipo alimtumia Hugues ujumbe wa sauti. Alimshukuru, akamtajia mwaka baada ya mwaka kile alichofanyiwa, akamwambia asitume tena. Hugues aliusikiliza. Alama ya kwamba umesikilizwa ilionekana kwenye simu. Hakujibu. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya. Ndiyo sababu hakuja kijiweni. Alikuwa anaogopa kuulizwa.

— Kwa upande wa franga nimepumua, alisema. Lakini naona kama nimemuumiza mutoto ya mama yangu.

Préfet alisema ndiyo, amemuumiza. Mkono wa mdogo hausukumwi hivyo. Hugues atadhani kaka yake amepata ukubwa na sasa anamkataa. Taux alisema kosa ni jingine: angeendelea kupokea na kuuza sabuni, vyote viwili, angejenga nyumba. Wakaanza kubishana kati yao kuhusu heshima na nyumba, kila mmoja akimweleza Akilimali kilichomo moyoni mwa Hugues. Mmoja alisema ni hasira. Mwingine alisema ni aibu, kwa sababu huko Ulaya Hugues ni tajiri na tajiri hapendi kukosa wa kumpa.

Chancelle alikuwa bado amesimama chini ya bati. Aliuliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza njia:

— Samahani, ba papa. Uyu Hugues anafanyaka kazi gani?

Taux alinitazama mimi. Mimi nikatazama sindano. Miaka kumi na moja tulikunywa kahawa ya mtu yule, tulijua bei ya kutuma na bei ya kupokea, tulijua tarehe. Kazi yake hatukuijua. Sote tukamgeukia Akilimali.

— Kwa uzine, alisema, maana yake kiwandani. Alisemaka iko kwa uzine.

— Uzine ya nini? msichana akauliza.

Nilimwona Akilimali anatafuta kweli, kichwa kimeinama, kama mtu anayepapasa mfuko mtupu. Halafu alisema, kwa sauti ndogo, kwamba kila wakizungumza ilikuwa ni kuhusu franga, imefika au haijafika, na vocha inakwisha.

Alitoa simu. Simu yake ni ya zamani, haisikiki mpaka ifunguliwe sauti ya nje, kwa hiyo tulisikia inavyolia kule. Ililia mara nyingi. Tukadhani haitapokelewa.

— Yaya, sauti ikasema, kama mdogo anavyomwita kaka yake.

— Hugues. Nakuuliza kitu moja tu. Unafanyaka kazi gani?

Nyuma kulisikika mngurumo wa basi.

— Siku za kazi niko kwa uzine ya kuku, ndani ya chumba cha baridi. Mwisho ya juma, samedi na siku ya Mungu, nasafishaka sahani kwa restora. Juu ya nini unaniuliza?

— Siku zote saba?

— Ile ya uzine ni yetu hapa nyumbani. Ile ya sahani ilikuwa yenu.

Akilimali alishika kichwa kwa mkono mmoja. Maman Nafisa aliacha kumimina.

Hugues akaendelea mwenyewe. Alisema ujumbe wa kaka yake aliusikiliza ndani ya basi, akapitiliza kituo chake, akashuka mahali asipopajua. Kila siku alianza kurekodi jibu, akalifuta. Kwa miaka minne mgongo ulikuwa unamuuma, daktari alimwambia aache kazi moja, na yeye aliogopa kumwambia kaka yake, asije akadhani ametupwa.

— Sasa njo natoka kumuambia patron ya restora, Hugues alisema. Leo ilikuwa ya mwisho. Sikungojea hata saa sita ifike. Nimeacha aproni juu ya meza.

— Haukasirike?

— Yaya, kesho ni siku ya Mungu na niko nyumbani. Batoto bataniuliza tutafanya nini, sijue ya kubajibu.

Kaka yake alicheka, au alilia, mimi sikutaka kumtazama usoni nikajua. Préfet alivua miwani, akaipangusa kwa shati, ingawa haikuwa na tone la mvua. Chancelle alipokea blauzi yake, akanilipa, akaondoka bila kuelewa alichokifanya.

Vocha ya Akilimali ikaisha hapo hapo. Kabla hajarudisha simu mfukoni ikalia, na safari hii ni Hugues aliyepiga. Akilimali alisimama, akavuka barabara, akakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa ili awe peke yake. Tulimwona anasikiliza, anatikisa kichwa, halafu anaanza kueleza jambo refu kwa mkono, kana kwamba yule mwenzake anamwona.

Saa nzima baadaye, termosi zote mbili zikiwa tupu na Maman Nafisa anafunga vikombe kwenye kitambaa, walikuwa bado wanaongea.