Ripoti Isiyotaja Uzito wa Mzigo

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Wazee wenzangu shikamooni, na nyinyi vijana mliotoka vyuoni kusomea mazoezi na tiba ya michezo, karibuni kwenye mkutano wetu wa veterani. Nimeombwa niseme habari za goti langu. Nitasema, ila mnivumilie, maana siwezi kulitaja goti hili bila kukumbuka mpira.

Tulicheza kijijini kwetu Kiswere, uwanja wa mchanga, pekupeku. Wakija wenzetu wa Kinjumbi, kijiji kizima kinahamia uwanjani, akina mama na ngoma zao. Mimi nilikuwa beki, na nawaambia, wapo mpaka leo wasionisalimia kwa rafu nilizowachezea. Mechi ikiisha tunaoga mbio mbio, tunaingia msikitini nywele bado mbichi, timu nzima safu moja, bega kwa bega. Subhanallah. Nazikumbuka zile swala za magharibi kuliko hata mabao.

Goti liliumia mechi za mwisho mwisho, nikalipuuza. Ujana huo. Miaka ikapita, likakakamaa, nikashindwa kusujudu. Nikawa naswali juu ya kiti, nyuma kabisa, wenzangu wote chini na mimi natazama migongo yao. Ndugu zangu, maumivu niliyavumilia. Kile kiti kilinishinda.

Hospitalini kwetu kulikuwa na binti mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Akanisomea ripoti ya watu waliokusanya tafiti nyingi za magoti na kuzichambua pamoja. Ilisema goti bovu hunufaika kwa kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na mzigo. Nikauliza mzigo gani. Akageuza kurasa, haikusema. Mara ngapi kwa wiki? Haikusema. Ni watu wa umri wangu? Nalo halikuandikwa. Akaniomba nisubiri awaulize walimu wake.

Nisubiri, mimi mtu wa korosho? Kwetu ukisema mzigo bila kutaja kipimo, umesema gunia. Nikaenda nyumbani, nikaliweka gunia la korosho mabegani, nikachuchumaa. Msicheke. Haya, chekeni. Sikuinuka. Mke wangu na jirani ndio walionitoa chini ya gunia, na kwa muda mrefu nikawa naenda chooni kwa kushikiliwa. Nikamwambia mke wangu nitakufa nikiswali kwenye kiti, akalia.

Yule binti alipopata habari alinifuata nyumbani. Sikutaka hata kumwona. Akaketi mkekani, akasema amepata ripoti nyingine, na hii imetaja kila kitu: tafiti walizitafuta wapi, zipi waliziacha na kwa nini, walioshiriki ni watu gani, walianza na uzito gani na kuuongeza lini. Akafika mahali akasita. Nikamwambia asome tu.

"Mzee wangu, hapa wanasema kwa goti lililochakaa kama lako hawana uhakika. Tafiti ni chache. Huenda ikasaidia, na maumivu yakizidi uache."

"Wameandika hivyo hivyo, kwamba hawana uhakika?"

"Hivyo hivyo, mzee."

Hapo ndipo nilipowaamini. Wengi walikuwa wameniahidi kupona, lakini hawa walinionyesha wanapojua na wasipojua, nikaweza kuamua mwenyewe. Tukaanza bila mzigo wowote, nimeshika nguzo ya baraza. Baadaye chupa ya maji. Msimu wa korosho ukaja, ukaenda, ukaja tena.

Namshukuru yule binti, hakuona haya kurudi. Namshukuru mke wangu, ambaye aliuza lile gunia bila kuniuliza, akafanya vizuri. Na nyinyi vijana, mnapojumlisha kazi za wenzenu, nawaomba muandike wazi: mzigo kiasi gani, kwa nani, mmeacha nini, na nini hamkijui. Msione aibu kuandika hilo la mwisho. Huku anayesomewa ni mtu mwenye gunia.

Ijumaa moja nilikipita kiti changu, nikaenda mbele. Kipa wetu wa zamani aliniona, akasogea kunipa nafasi. Winga wetu alikuwa upande wa pili. Timu ile tumebaki watatu tu, wengine wametangulia, Mungu awarehemu. Imamu akatoa takbira ya kusujudu, tukashuka wote watatu.