Laurean Ikuluni kwa Sultani

Jumamosi mchana, benchi lililo nje ya duka la kahawa la Mhabeshi, pale Silver Spring, halina nafasi ya mtu mwenye haraka. Jumamosi hiyo ya Oktoba 2007 walikuwepo watatu. Kamande, dereva teksi kutoka Nakuru, waliyembatiza Seneta kwa kuwa haijapita hoja asiyoipinga. Mwita, aliyeitwa Profesa kwa miaka saba aliyokaa chuoni College Park akatoka bila cheti. Na Laurean, mtu wa Bukoba, Daktari wa benchi, ingawa kazi yake ni kutunza wazee majumbani. Alikuwa amerudi juzi kutoka Istanbul. Mzee anayemtunza, Bwana Orhan, miaka themanini na sita, alitaka kuiona tena ikulu ya masultani aliyopelekwa na mwalimu wake utotoni, ambayo ni makumbusho. Laurean ndiye aliyesukuma kiti chake cha magurudumu.

— Haya, leta stori, alisema Kamande. Sultani alikuwa na mabibi wangapi?

— Sikuwahesabu, kaka. Nyumba yao peke yake ina vyumba zaidi ya mia tatu.

— Mia tatu! Haba na haba hujaza kibaba.

— Na majiko? aliuliza Mwita.

— Mabomba ya moshi kama kiwanda. Walipikia maelfu ya watu kila siku.

— Ndicho kilichoiangusha ile dola, Mwita alikata shauri. Si vita, ni pilau. Adui anakuja, askari kashiba, kalala chali. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na hao kuinama hawawezi!

— Kuna na fimbo, Laurean aliendelea. Wanasema ni ya Nabii Musa.

Kamande aliweka kikombe chini.

— Buda, ngoja. Si huo mji umekatwa na bahari katikati, huku Ulaya, huku Asia?

— Ndiyo.

— Basi kuna msee aliijaribu hiyo fimbo!

Walicheka mpaka Mhabeshi akachungulia dirishani. Laurean naye alicheka, ila kicheko chake kiliisha mapema. Kuna jambo alikuwa hajamwambia hata mkewe Euphrasia, na sasa lilimtoka lenyewe.

— Ile nyumba ya wanawake ililindwa na matowashi. Weusi. Walichukuliwa Afrika wakiwa watoto, wakahasiwa, wakauzwa. Mkuu wao alikuja kuogopwa na mawaziri.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Mwita.

— Guu? Si guu walilovunjwa hao, Profesa! Kamande alijifunika gazeti mapajani. Lakini sikieni, mwenye funguo ndiye bosi. Dola nzima tuliiendesha sisi, Waturuki walikuwa wanasaini tu!

— Niache nimalize, Seneta.

Wakamwachia, kwa kuwa Laurean si mtu wa kukatiza wenzake.

— Dada anayetutembeza akatusimamisha kwenye korido ya mawe. Akasema, hapa ndipo walipoishi wale watu kutoka Afrika. Watalii ishirini wakageuka, wote wakanitazama mimi. Mmoja akateremsha macho mpaka kwenye suruali.

— Ukafanyaje?

— Nikapaza sauti: mimi nina watoto watatu!

Kamande nusura aanguke. Mwita alimwaga kahawa kwenye viatu vyake.

— Na mzee wako? aliuliza Kamande, akifuta machozi.

— Aliushika mkono wangu. Wenzetu wakasonga mbele, sisi tukabaki. Vyumba vyenyewe, jamani, ni vidogo. Nikaona haya. Wale watu hawajanikosea kitu, na mimi nimewakana mbele ya wageni kama ndugu mwenye ukoma.

Mlangoni alikuwa amesimama Domina, muuguzi aliyehamia mtaani mwezi uliopita, kikombe mkononi, sare ya kazi bado mwilini.

— Samahani, kaka Laurean. Walikuwa na majina?

— Walipewa ya maua. Mmoja aliitwa Sumbul, yule dada alisema ni ua linalonukia.

— Sultani na bustani yake! alidakia Kamande.

— Hayo ni ya kupewa, alisema Domina. Mama zao waliwaitaje?

Mwita aliinama kufuta kahawa viatuni. Kamande alitazama teksi yake. Laurean akasogea mwisho wa benchi, akampisha Domina akae.