Likizo ya Mume Wangu

Bwana asifiwe, wapendwa! Nawasalimu watu wa Kiriba, na wageni wetu mliotoka Bunda na Butiama. Mimi si mtu wa kusimama mbele, mnanijua, benchi langu ni lile la nyuma. Lakini jambo hili nikiendelea kulinyamazia nitakuwa nimemwibia Mungu sifa zake.

Ndugu zangu, mume wangu Magesa alikuwaga fundi wa mashine kiwandani, Musoma mjini. Ni miaka ile ambayo sabuni na sukari zilirudi madukani, halafu kazi ndizo zikaanza kuadimika. Siku moja yakasomwa majina ya waliopunguzwa, lake likiwemo. Akarudi na begi lake, akaingia ndani, akakaa. Tangu hapo hata uani akawa hatoki.

Na mimi nilikuwa nimeringa sana na kazi ile, nisiwafiche. Majirani waliponiuliza nikajibu, "Yuko likizo." Mwezi wa kwanza likizo, wa pili likizo, wa tatu likizo! Nani aliwahi kuona likizo ya namna hiyo?

Uongo una kazi nyingi, ndugu zangu. Nikaanza kumenya mihogo ndani, mlango umefungwa. Akina mama mnajua, huku kwetu mihogo ya udaga, ile ya kuloweka na kuanika kwa ajili ya unga, haimenywi na mtu mmoja. Leo kwako, kesho kwangu, visu vinakwenda na maneno yanakwenda. Mimi niliogopa hayo maneno. Zamu ya kikundi chetu cha maombi ilipofika nyumbani kwangu, nikasema naumwa. Zamu ya pili nikasema nina safari ya Nyegina. Na kwenye maombi, wenzangu wakitoa shida zao, mimi nasema, "Tuombee mvua." Ikanyesha mpaka tukachoka nayo, bado naombea mvua!

Mwili ukakataa. Usingizi ukanitoka, moyo ukawa unadunda nikiwa nimekaa tu, chakula hakishuki. Watoto nawafokea kwa kosa dogo. Nikaamini nimerogwa. Muuguzi wa zahanati akanipima, akasema presha iko juu sana. Akauliza, "Mama, shida zako unamwambiaga nani?" Nikamjibu sina shida. Nilitembea kurudi nyumbani nikijua kabisa kwamba nitakufa, na watoto watabaki na baba asiyetoka ndani.

Asubuhi yake nikasikia watu uani. Wanawake watano wa kikundi, mabeseni kichwani, visu mikononi! Walipiga hodi na kukaa kabla sijaitika. Wakavuta rundo la mihogo yangu, wakaanza kumenya. Kiongozi wetu, Mama Nyamisi, akaita kuelekea mlangoni:

"Magesa, toka utubebee mabeseni. Tunajuaga umepunguzwa kazi, tangu siku ile ile."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema, "Sasa mama, mbona mlinyamaza?"

"Tulikuwa tunangoja utuambie mwenyewe, mwanangu. Lakini unakonda tu. Tumechoka kungoja."

Haleluya! Nilicheka, nikalia, vyote kwa pamoja. Magesa akatoka, ndevu zimemjaa, akainua beseni la kwanza, akalipeleka kwenye pipa la kulowekea. Aliporudi kuchukua la pili akasema mbele yao, "Kazi imeisha, mama zangu. Sijui nifanye nini."

Mama Nyamisi hata kisu hakukiweka chini. "Leo beba mihogo," akamwambia. "Kesho wanaume watakupitia mkalime." Na kweli walimpitia.

Ndugu zangu, nisiwadanganye tena. Kazi ya kiwandani haijarudi mpaka leo. Mihogo ndiyo tuliyokula na ndiyo tunayokula. Lakini siku ile niliweka kichwa chini nikalala mpaka jua likanikuta. Nilipokwenda kupimwa tena, presha imeshuka. Mungu hakunitumia malaika mwenye mabawa, alinitumia akina mama wenye visu vya mihogo, na ninamshukuru kwa ajili ya kila mmoja wao.

Sasa wewe uliyekaa hapo, unayeitikia "sijambo" huku moyo unakudunda, mtumaini Bwana, maana watu ameshakupa. Usitoke leo bila kumshika mmoja mkono na kumwambia. Mimi nitasimama pale mlangoni, na Magesa atakuwa upande wa wanaume. Njoo useme. Usiogope kutushangaza, pengine tunajua tangu zamani, tunakungoja wewe tu.