Maswali Yaleyale Mara ya Pili

Saa tano asubuhi, benchi la mbele ya baa ya Paca mjini Úbeda, Uhispania, lilikuwa na wenyewe. Spana, fundi magari mstaafu. Casilda, aliyeitwa Posta kwa kupeleka barua za mji mzima miaka thelathini. Na Eutimio, dereva wa basi wa zamani, ambaye kahawa yake ilikuwa inapoa. Alishika dodoso kutoka kituo cha afya, la kupima kama mtu huwa makini na anachokifanya. Wiki mbili nyuma alijaza moja. Hili lilikuwa na maswali yaleyale.

— Wanakuchimba hao, Spana akasema. Anayeuliza kitu mara mbili ni polisi.

— Labda lile limepotea.

— Limepotea wapi! Hebu soma la tatu.

Eutimio akasoma: "Huwa nafika mahali bila kukumbuka njia niliyopita."

— Umeona? Leseni yako hiyo! Ukikubali tu, gari huna.

Posta akasonya.

— Leseni kitu gani? Wanataka nyumba. Ukisema unasahau, unapelekwa kwenye makao ya wazee, binti yako anatia saini, kwisha habari.

— Binti yangu hawezi.

— Wote huwa hawawezi, mpaka waweze.

— Tena hapa chini wameandika limetafsiriwa kutoka Kiingereza, Spana akaongeza, sauti ameishusha. Wageni wanapima vichwa vya Wahispania. Wakishajua tunazubaa saa ngapi, wanatuletea dawa ya kuzubaa.

— Jaza "kamwe" kote, Posta akaamua. Kamwe, kamwe, kamwe. Umepona.

Eutimio akajifuta jasho. Lile la kwanza alikuwa amejaza "karibu kila mara," na hakumwambia mtu.

Mara akatokea msichana mwenye mkoba begani. Akajitambulisha: Nuria, mtafiti, anapita kukusanya madodoso.

— Kwa nini mnauliza mara mbili? Spana akamvaa.

— Tunayapima maswali, bwana, siyo nyinyi. Kwa Kiingereza yanafanya kazi. Kwa Kihispania bado hatujui kama watu wanayaelewa vilevile, wala kama majibu yao yanabaki yaleyale wakiulizwa tena.

— Na leseni?

— Leseni gani?

Eutimio akashusha pumzi. Akaweka kidole kwenye swali la tatu.

— Hili nimelielewa, binti. Juzi nilijikuta makaburini kwa mke wangu. Nimepita mtaa gani, sijui. Hata hapa leo sijui nimefikaje.

Nuria hakuandika kitu. Akawageukia wale wawili.

— Nyinyi mnakaa naye kila siku. Imeanza lini?

Posta akatazama ndani ya kikombe. Kwamba Remedios, mkewe, alizikwa Februari, walijua. Jeneza walilibeba wao. Lakini ni siku gani Eutimio alianza kupotea akiwa ameketi katikati yao, hakuna kati yao aliyeigundua.

Posta akasogea taratibu mpaka bega lake likagusana na la Eutimio, akabaki hapohapo.