Ulimi wa Mpima Mizigo: Maisha ya Nikodemo Sila Chidosa, 1899–1951

Ndugu na majirani mliofika hapa Kikuyu, Dodoma, leo, Jumatatu, tarehe 12 Machi 1951, haya ni maisha ya mtu aliyewaonjea wenzake. Familia inawaomba myasikilize mpaka mwisho, kwa sababu mwisho wake bado haujafika.

Nikodemo alizaliwa katika kijiji kilicho upande wa Hombolo, wakati wa kupalilia uwele, mwaka ambao misheni baadaye ilikadiria kuwa ni 1899. Alikuwa mtoto wa tatu wa mfugaji Sila Chidosa na mkewe Loisi. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu, akipewa maziwa, alitaja ng'ombe aliyekamuliwa. Siku moja akayatema. Watu wakamcheka kwa kudeka. Siku ya tatu ng'ombe yule akafa zizini. Tangu hapo Mama Loisi hakumpa mtu maziwa bila kumtazama kwanza Nikodemo usoni.

Mwaka 1909 aliingia shule ya misheni hapa Dodoma, akajifunza kusoma, kuandika na hesabu. Alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 7 Aprili 1912. Vita vilipokuja, shule ilifungwa, naye akachukuliwa kubeba mizigo ya askari. Aliporudi aliikuta njaa ile kubwa ambayo wazee mliopo hapa hampendi kuitaja. Kaka yake na dada yake mkubwa walikufa humo. Nikodemo na mdogo wake wa kike, Anyesi, waliponea ngozi ya ng'ombe iliyochemshwa siku mbili, waliyopewa na jirani ambaye hata jina lake hawakulijua. Jirani yule aliionja kwanza mbele yao, kama desturi yetu inavyotaka, ili waone kwamba hakuna uchawi ndani. Nikodemo alikuwa akisema, "Mtu akikuonjea, halafu ukakataa, umemwita mchawi." Neno hilo alilishika maisha yake yote. Tutalirudia.

Tarehe 6 Machi 1922 aliajiriwa stesheni ya Dodoma kupakia mizigo, na miaka minne baadaye akakabidhiwa mzani. Hapo ndipo wengi wenu mlipomfahamu. Treni ikisimama, abiria walishuka na njaa, wakamwona mtu mzima amesimama kando ya mzani, wakamwuliza, "Shikamoo mzee, hapa mjini tunakula wapi?" Naye hakuwahi kumwambia mtu, "Popote." Alimtazama mtu, akamkadiria kama anavyokadiria kasha, kisha akampangia.

Mtaa wetu nyuma ya soko, ule tunaouita Mtaa wa Moshi kwa wingi wa majiko, aliujua sufuria kwa sufuria. Hoteli ya Bwana Valimohamed aliisifu kwa mchuzi na sharubati ya ukwaju. "Ila nyama yake," alisema, "nendeni wawili, mtafune kwa zamu." Jalebi za Bwana Chandrakant na mkewe Vasanti zilikuwa za saa nne asubuhi. "Ukizikuta saa kumi, nunua za kufungia mzigo." Aliyekuwa na safari ndefu alimpeleka kibandani kwa Anyesi, mdogo wake mwenyewe, akale ugali wa uwele, mlenda na maziwa ya mgando. Wala hakumpendelea. "Kwa Anyesi utashiba mpaka Tabora, lakini usitegemee kuchekewa."

Anyesi aliposikia alimfuata mpaka stesheni na mwiko mkononi. "Kaka, unanitangaza au unanizika?"

"Nakutangaza, dada. Wanaokuja kwako wanakuja wamejiandaa."

Wenye hoteli walimlalamikia, kisha wakamtumia vionjo kila walipopika kitu kipya. Bwana Valimohamed alikuwa rafiki yake wa miaka ishirini na tatu. Alikuwa na methali yake mwenyewe, kwamba biriani isiyopita kwa Nikodemo haijaiva.

Jumamosi ya tarehe 13 Juni 1925 alifunga ndoa na Yudith, binti wa Ipagala. Siku ya kwanza bibi harusi alipopika mlenda, bwana harusi akaonja, akasema kwa upole, "Chumvi ilipita kusalimia tu, ikarudi kwao."

Yudith akamjibu, "Basi kesho kalale kwa chumvi."

Mama Yudith anasema huo ndio ukosoaji wa kwanza na wa mwisho kusikika nyumbani mwao katika miaka ishirini na mitano. Mungu aliwajalia watoto wanne: Ruthu, ambaye ndiye anayesoma haya, Sila, Matonya na Loisi.

Sasa tunafika Novemba mwaka jana. Mnajua wenyewe kwamba kabla ya mvua kulichimbwa choo kipya kwenye mwinuko nyuma ya Mtaa wa Moshi, kwa ajili ya watu wa malori. Chini ya mwinuko huo kipo kisima cha hoteli tano, na Anyesi naye alikuwa akiteka pale kwa ajili ya kibanda chake. Mvua zilianza wiki ya mwisho ya Desemba. Tarehe 4 Januari Nikodemo alikunywa maji kwa Bwana Valimohamed, akabakiza nusu kikombe. Akaenda kwa Bwana Chandrakant, akaomba maji baada ya jalebi, akanywa funda moja tu. Akamalizia kwa Anyesi, akaweka kikombe chini kikiwa kimejaa.

"Una nini?" Anyesi akamwuliza.

"Nyumba tatu, ladha moja. Kitu kimelala humo ndani ya maji."

"Kitu gani?"

"Sijui jina lake. Kinanikumbusha maziwa ya yule ng'ombe."

Siku ile ile Anyesi aliacha kuteka pale, akaanza kuleta maji kwa punda kutoka Ipagala. Wengine walicheka. Mtu aliyezoea kusema jalebi ni kamba na nyama ni ya zamu, nani atajua siku anayosema kweli? Hoteli zilijaa kama kawaida. Nikodemo mwenyewe alianza kujishuku, akasema labda ulimi umezeeka. Na Jumamosi ya tarehe 6 Januari, mama mmoja aitwaye Raheli, aliyekuwa safarini kwenda Tabora, alipomwuliza pa kula, akampeleka kwa Bwana Valimohamed kwa mazoea. Akamwambia asikose sharubati.

Tarehe 3 Februari mlinzi wa treni alishuka, akamwambia, "Mzee, yule mama uliyemchagulia hoteli mwezi uliopita tumemzika. Homa ya matumbo. Aliomba maji mpaka mwisho."

Siku hiyo Nikodemo alipima mizigo vibaya kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mitano. Mama Yudith anasema alirudi nyumbani akakaa kizingitini bila kuvua kofia. Alisema jambo moja tu: "Nilimwambia asikose."

Tangu kesho yake, treni ikisimama, hakusubiri kuulizwa. Alitembea behewa kwa behewa akisema, "Msile mjini. Msinywe maji ya mjini. Kaeni na njaa zenu." Alikwenda kwa mkubwa mmoja wa mji kueleza habari ya choo na kisima. Akaambiwa alete barua. Aliandika barua kwa mkono wake, ukurasa mmoja na nusu, akaipeleka tarehe 5 Februari. Jibu bado halijafika.

Hoteli zikaanza kukosa wateja, na Mtaa wa Moshi ukakasirika. Jumamosi, tarehe 10 Februari, saa sita mchana, alipokuwa akipita kwenda nyumbani, watu walimzingira mbele ya hoteli ya Bwana Valimohamed. Mmoja akapaza sauti, "Mwonjaji, leo umetumwa na nani?" Mwingine akasema, "Anataka wote wakale ugali kwa dada yake!" Watu wakaangua kicheko.

Bwana Valimohamed alitoka na jagi la sharubati na vikombe viwili. Hakuwa na hasira. Wote waliokuwepo wanasema alikuwa karibu kulia.

"Nikodemo, kaka yangu, miaka ishirini na mitatu umekula kwangu. Mimi nimekuwa mtu wa kuua watu?"

"Sikukusema wewe, Vali. Nimesema maji."

"Maji ni yangu. Wanangu wanayanywa." Akamimina kikombe, akanywa chote mpaka tone la mwisho mbele za watu. "Haya, nimeonja. Si ndiyo desturi yenu? Mwenye nyumba ameonja."

Akamimina cha pili, akakinyoosha.

Anyesi alikuwa amesimama upande wa pili wa njia. Anasema alimwona kaka yake akikitazama kikombe kile kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua. Akamwita, "Kaka, usinywe! Kaka!" Nikodemo akamtazama yeye, akamtazama rafiki yake aliyeonja, akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Kisha akasema, "Tamu, Vali. Lakini kifunike kisima."

Watu wakapiga makofi. Jioni ile hoteli zote tano zilijaa.

Homa ilianza Ijumaa, tarehe 23 Februari. Kwanza kichwa, kisha tumbo, kisha joto ambalo halikushuka. Alilazwa hospitali, akahudumiwa kwa bidii, na familia inawashukuru waliomwuguza. Ruthu alimwuliza siku moja kwa nini alikunywa kitu alichokijua.

"Mwanangu, aliniona nikimtazama alivyoonja. Ningekataa, watu wangemwita mchawi mpaka kwa wajukuu. Naye alikuwa hajui."

"Na wewe ulijua, baba."

"Mimi nilijua. Ndiyo maana nilitaka waone maji yale yatanifanya nini."

Wiki ya mwisho ulimi wake ulipoteza ladha. Mama Yudith alimletea uji, akauliza kwa mzaha wa kumtia moyo, "Chumvi imekuja leo, au imepita tu?" Alitabasamu, akasema hajui. Mama Yudith akatoka nje. Alijua kwamba mumewe ameshaondoka, na aliyebaki kitandani ni pumzi tu. Nikodemo alifariki Jumapili, tarehe 11 Machi 1951, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Kitandani, siku tano kabla, alifikiwa na Bi Sultana, mke wa Bwana Valimohamed, aliyejitanda kanga usoni. Alileta salamu za mumewe, ambaye naye yuko kitandani tangu mwisho wa Februari. Salamu zilikuwa fupi: "Mwambieni kaka yangu, ulimi wake ulisema kweli. Anisamehe." Nikodemo akajibu kwamba kwa mtu aliyeonja kwanza hakuna cha kusamehe. Bwana Valimohamed ameomba kisima kifunikwe. Lakini kisima ni cha nyumba tano, na nyumba nyingine nne zinasema tusubiri mvua ziishe. Bwana Chandrakant amekaa pale mstari wa nyuma. Mkewe Vasanti hakuja. Ameamka leo na kichwa kinachomuuma.

Marehemu ameacha mjane, Yudith; watoto wanne, Ruthu, Sila, Matonya na Loisi; wajukuu sita; mdogo wake, Anyesi; na rafiki yake, Bwana Valimohamed, ambaye familia imeamua jina lake lisomwe hapa pamoja na yetu. Ameacha pia barua ya ukurasa mmoja na nusu ambayo haijajibiwa.

Baada ya mazishi mtakaribishwa chakula. Maji yake yameletwa kwa punda kutoka Ipagala, yakachemshwa tangu alfajiri, na Mama Yudith ataonja kwanza mbele yenu kama desturi inavyotaka. Mkimaliza kula, pitieni Mtaa wa Moshi mnaporudi makwenu. Mtakuta kisima wazi, ndoo zinashuka na kupanda, na treni ya saa tisa itakuwa imekaribia, na abiria wake watashuka na njaa. Pale kwenye mzani hakuna mtu wa kuwaambia.

Apumzike kwa amani Nikodemo Sila Chidosa. Sisi tusipumzike mpaka kisima kifunikwe.