Utosi wa Dirisha la Malalamiko

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyinyi wa ofisi ya maji mliokalia viti vya mbele kabla wafiwa hawajakaa, mimi ni shemeji wa marehemu, kaka wa mjane, na nimepewa kazi hii kwa sababu kila nitakalosoma nimelishuhudia kwa macho yangu, kuanzia kuzaliwa kwake tarehe 14 Machi 1967, nyumba ya pili kutoka kwetu, ambako nami nilikuwepo, mgongoni mwa mama, mdogo lakini mwenye akili.

Marehemu alikuwa kifungua mimba, alianza shule ya msingi Januari 1974, akamaliza sekondari Novemba 1984, na miaka yote hiyo alikuwa kijana wa salamu, wa kusimama njiani kumuuliza mtu hata habari za kuku wake, tabia ambayo mimi, niliyeacha shule mapema ili dunia nayo ipate nafasi ya kunifundisha, niliiona ni ukosefu wa shughuli.

Tarehe 3 Juni 1987 aliajiriwa ofisi ya maji, dirisha la malalamiko, na siku hiyohiyo, nikiwa nimemsindikiza, alimwinukia bibi mmoja aliyekuja kulalamikia bomba lililopasuka, akampisha kiti chake, akaandika shida yake, akamfuata fundi mwenyewe, na bomba likazibwa kabla jua halijazama. Wenzake walimtazama kama mtu aliyekuja kazini bila suruali. Saa ya chai alikuta kikombe chake kimefudikizwa, mdomo chini, na kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa, maana katika ofisi ile aliyefudikiziwa kikombe hapewi chai, hasalimiwi, wala haambiwi mkutano uko chumba gani, mpaka karani mkuu, mtu mwenye tumbo la heshima na kazi isiyoonekana, alipomvuta pembeni na kumwambia, "Mwanangu, ukiinua kichwa upesi watajua huna shughuli, na wakishajua, watakuja wote."

Hiyo ndiyo elimu ya juu ya marehemu. Hakuzaliwa na dharau, wala hakuna sheria iliyomwamuru awe nayo, mtu mzima na akili zake alinunuliwa kwa chai ya rangi isiyo na sukari ya kutosha. Mwaka haukwisha, kikombe kikawa kimesimama wima na kichwa kimeinama, na mji mzima ukamwita Utosi, kwa kuwa ndicho kiungo pekee cha mwili wake walichokijua. Akapanda cheo, naye akaanza kuwafudikizia wengine, na baadhi yenu hapo mbele ni kazi ya mikono yake, msijifiche nyuma ya miwani.

Tarehe 21 Desemba 1991 alimwoa dada yangu, bahati iliyompita kimo, na tarehe 8 Agosti 1999 wakajaliwa binti, mtoto wao wa pekee. Mwaka mmoja bomba la mtaa wao likakauka, dada akamweleza mezani, akajibiwa kwa mguno, basi akachukua ndoo tupu akaenda kupanga foleni dirishani kama raia, mimi nikiwa nyuma yake. Akaeleza shida, akataja mtaa, akataja hata jina la mwenye nyumba, yaani mumewe. Utosi ukamjibu, "Njoo wiki ijayo, mama, na mwenye nyumba aje mwenyewe." Dada akajitwika ndoo yake tupu akarudi nyumbani. Jioni marehemu alipouliza chakula, aliambiwa jiko limefungwa, arudi wiki ijayo, aje na mwenye nyumba.

Februari mwaka jana alianza kusumbuliwa na figo, akalazwa mara kadhaa, binti yake akimuuguza, na katika kuuguza huko binti akapata ajira, ofisi ileile, dirisha lilelile, anaanza Jumatatu. Ndiyo maana sikusoma ile karatasi iliyoletwa na ofisi yao, inayosema marehemu alikuwa mtumishi wa kuigwa, kwa sababu anayetakiwa kumwiga amekaa hapa, na mimi ni mjomba wake. Jumanne iliyopita, saa tatu asubuhi, saa ya kufungua dirisha, binti akiwa ameenda kuchukua dawa, marehemu alinishika mkono, akanitazama usoni, akasema, "Mwambie mwanangu awainulie kichwa," kisha akakata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliomuuliza hali huku wakimtazama, majirani, waliobeba maji ya msiba huu kwa ndoo kutoka mtaa wa pili, na wenzake wa kazini, kwa shada lenye utepe mrefu kuliko huduma yao.

Mpwa wangu, yote niliyosoma ni kweli tupu, isipokuwa yale maneno ya mwisho, ambayo nimeyatunga leo asubuhi nikinyoa ndevu. Baba yako aliuliza kama kiti chake kimeshapata mtu, nikamwambia, "Amepewa mwanao," akatabasamu, akasema, "Mwambie asiwazoeshe." Nilifikiri ningeweza kukuachia urithi ulio bora kuliko huo, lakini wewe ni mtu mzima, chukua unaoutaka.

Pumzika kwa amani, shemeji, foleni tunabaki nayo sisi.